Mwangwi Ndani ya Waya: Shajara ya Machi 2025

Jumatatu, 3 Machi

Nimepewa kazi ya kuandika upya mazoezi ya maabara ya somo la rada kwa mwaka wa mwisho. Yataanza baada ya Idi. Kwa kuwa ni Ramadhani, kazi ya maana nitaifanya asubuhi mapema na usiku baada ya tarawehe.

Ninachokitaka nakiandika leo, kisije kikapotea katikati ya nyaya. Wanafunzi wetu wanahitimu wakijua kwamba rada hurusha mpigo, mpigo hugonga kitu, mwangwi hurudi, saa huhesabu. Hayo ni kweli. Lakini hawaulizwi hata siku moja: mpigo gani? Una umbo gani? Nani aliuchagua, na alipouchagua aliacha kuona nini? Kwangu mimi somo la rada linaanzia hapo.

Hesabu ya kwanza ya kuwapa ni hii. Mawimbi ya redio hukata mita 300 kwa kila mikrosekunde. Kwa kuwa yanakwenda na kurudi, mikrosekunde moja ya kusubiri ni mita 150 za umbali. Basi mpigo mtupu wa mikrosekunde 1 hauwezi kutenganisha vitu viwili vilivyo karibu kuliko mita 150; mwangwi wao utaungana. Ukitaka kutenganisha zaidi, fupisha mpigo. Ukitaka kuona mbali, mpigo unahitaji nishati, na nishati ni nguvu mara muda, kwa hiyo urefushe. Haja mbili hizi zinavutana, na sehemu kubwa ya ufundi wa mawimbi ya rada ni kuzipatanisha.

Jumatano, 5 Machi

Nimetoka Kariakoo na roli la mita 100 la waya wa dishi, kipande kingine cha mita 20, na plagi za kutosha.

Kurusha mawimbi hewani kunahitaji kibali cha masafa kutoka Mamlaka ya Mawasiliano (TCRA), na wanafunzi hawawezi kuagiza ndege ipite wanapoihitaji. Kwa hiyo anga nimeiweka ndani ya waya. Redio yetu inayoendeshwa na programu ina tundu la kurushia na tundu la kupokelea. Nimelitoa wimbi kwenye tundu la kwanza, nikalipitisha kwenye kipunguza nguvu ili lisiunguze pokezi, nikaligawa njia mbili: moja ipite waya wa mita 20, nyingine ipite roli zima la mita 100. Mwisho wa safari njia zote mbili zinakutana na kuingia tundu la kupokelea.

Katika waya huu wimbi hukimbia kwa kiasi cha asilimia 83 ya mwendo wa nuru. Mita 100 zinalichelewesha mikrosekunde 0.4, na kwa hesabu ya rada hicho ni kitu kilicho umbali wa mita 60. Mita 20 zinakuwa kitu kilicho mita 12. Nina vitu viwili visivyosogea, vinavyopishana mita 48, na ninaijua kweli yao kwa futi ya fundi. Kwa kufundishia, hii inafaa kuliko ndege.

Ijumaa, 7 Machi

Leo nimeandika programu ya kuunda mawimbi. Njia ni ile waliyoieleza Tierney, Rader na Gold mwaka 1971, ambayo hadi leo imo ndani ya chipu nyingi za kuzalisha masafa.

Kuna kihesabio cha biti 32. Kila mara saa ya mashine inapogonga, kihesabio kinaongezewa namba fulani. Kikijaa kinaanza upya, na huo ni mzunguko mmoja wa wimbi. Thamani iliyomo ndani yake ni fezi, yaani wimbi limefika wapi katika mzunguko wake. Jedwali la sini linaigeuza fezi hiyo kuwa kimo, na kimo kinageuzwa kuwa volti. Saa ikigonga mara milioni 100 kwa sekunde, hatua ndogo kabisa ya masafa unayoweza kupiga ni milioni 100 gawanya kwa 4,294,967,296, sawa na hezi 0.023 hivi.

Namba ya kuongeza ikibaki ileile, unapata sini tulivu. Namba yenyewe ikikua kidogo kila saa inapogonga, masafa yanapanda. Fezi ikirushwa nusu mzunguko kwa nyakati ulizozipanga, unapata msimbo. Mashine haijabadilika, zimebadilika hesabu.

Hili vijana walizoee mapema. Zamani mpigo wa kupandisha masafa uliumbwa na kipande cha fuwele ambacho mawimbi ya sauti yalitambaa juu ya uso wake, na kila fuwele ilijua wimbi moja tu. Ukitaka wimbi jingine, unaagiza fuwele nyingine. Leo mpigo wa mikrosekunde 100, kwa sampuli milioni 20 kwa sekunde, ni sampuli 2,000 tu. Ni faili la kilobaiti 8. Mwanafunzi anaweza kulibeba kwenye simu pamoja na mengine elfu.

Jumamosi, 8 Machi

Nimesoma historia kwa ajili ya utangulizi, nikakaa sana kwenye Mambrui. Huko Johannesburg, kwenye Chuo Kikuu cha Witwatersrand, Basil Schonland na wenzake waliunda rada yao wenyewe na kupata mwangwi wa kwanza Desemba 1939. Mwaka 1940 rada ya aina hiyo ilisimamishwa Mambrui, kaskazini ya Malindi, ilinde pwani ya Kenya wakati wa vita. Kwa hiyo pwani yetu ilipigwa mawimbi ya rada mapema kuliko pwani nyingi za dunia. Nataka wanafunzi walijue hilo kabla ya kufungua programu yoyote.

Mwaka huohuo wa 1940, Birmingham, John Randall na Harry Boot waliunda magnetroni yenye matundu, iliyotoa nguvu kubwa sana kwenye mawimbi ya sentimita chache. Ilikuwa na upungufu mmoja unaotuhusu: kila mpigo ulianza na fezi yake, bila mpangilio. Chombo kisichoshika fezi hakiwezi kuandika msimbo ndani ya mpigo. Nguvu ilikuwapo, lakini umbo halikuwa mikononi mwa mhandisi. Ilibidi amplifaya zinazotii wimbi linaloingizwa, kama klistroni, zifike kwenye rada ndipo umbo la wimbi likawa kazi ya kalamu.

Jumanne, 11 Machi

Siku njema sana maabara.

Nilianza na mpigo wa mikrosekunde 100 unaopanda megahezi 1 tangu mwanzo hadi mwisho. Mpigo mtupu wa urefu huo ungechanganya pamoja kila kitu kilichomo ndani ya kilomita 15. Huu wa kupanda una nishati ileile, lakini pokezi likishaulinganisha na nakala yake, unabanwa kuwa mikrosekunde 1. Umebanwa mara 100. Kanuni ni kwamba umakini wa umbali unaamuliwa na upana wa masafa, hauamuliwi na urefu wa mpigo: mwendo wa nuru gawanya kwa mara mbili ya upana. Megahezi 1 ni mita 150. Megahezi 10 ni mita 15. Klauder, Price, Darlington na Albersheim wa Maabara za Bell waliieleza nadharia yote mwaka 1960, na karatasi yao bado inasomeka vizuri.

Kulinganisha na nakala ndiyo nusu ya pili ya ufundi, na D. O. North aliithibitisha mwaka 1943: kwenye kelele tupu hakuna kichujio kinachoshinda nakala ya wimbi lenyewe. Mtoto aliyepotea Kariakoo huitambua sauti ya mama yake katikati ya wapiga debe kwa sababu anaijua tangu awali. Ndivyo na pokezi: linaitafuta sauti ambayo lenyewe liliituma.

Kwa megahezi 1, kioo kilionyesha kilima kimoja kinene. Nyaya mbili, mwangwi mmoja. Nikabadilisha namba moja kwenye programu, upana ukawa megahezi 10, mpigo ukabaki mikrosekunde 100. Kilima kikapasuka. Nilipotoa ucheleweshaji wa redio yenyewe, nikakuta vilele viwili, kimoja mita 12, kingine mita 60, cha pili kikiwa kifupi kwa sababu waya mrefu unakula nguvu. Hakuna waya uliosogezwa, hakuna nguvu iliyoongezwa. Kijana wa mazoezi aliyekuwa ananisaidia aliomba tulirudie jaribio lote kuanzia mwanzo, na tukalirudia.

Alhamisi, 13 Machi

Jambo la leo ni vilele vya pembeni. Mpigo wa kupanda ukibanwa hauachi kilele kimoja safi. Kando yake huota vilele vidogo, na cha kwanza kiko desibeli 13 tu chini ya kilele kikuu. Kitu kikubwa kinaweza kumeza jirani yake mdogo. Nimeongeza kipunguza nguvu cha desibeli 20 kwenye roli la mita 100, na mwangwi wake ukazama palepale kwenye vilele vya pembeni vya ule wa mita 12. Ungeapa kwamba roli halipo.

Dawa ya kwanza: unapolinganisha, ipe katikati ya mpigo uzito mkubwa na ncha zake uzito mdogo, kwa mfano kwa dirisha la Hamming. Vilele vya pembeni vinashuka hadi karibu desibeli 43 chini. Roli la mita 100 limetokea, dogo lakini halina shaka. Bei yake: kilele kikuu kinanenepa kiasi cha nusu yake, na unapoteza desibeli 1.3 za uwezo wa kuona kwenye kelele.

Dawa ya pili: usipandishe masafa kwa mwendo mmoja. Yapite haraka mwanzoni na mwishoni, yatembee taratibu katikati. Uzito unakuwa umeshaandikwa ndani ya wimbi lenyewe, na amplifaya inaendelea kufanya kazi kwa nguvu zake zote. Huna hasara ya kwenye kelele, ila wimbi la namna hii halivumilii sana kitu kinachokwenda kasi.

Naona kanuni moja inajitokeza. Kila dawa ina bei yake, na bei hailipwi mahali palepale.

Jumapili, 16 Machi

Baada ya futari nilikaa barazani na daftari. Mpwa wangu wa kidato cha pili akaniuliza, "Mjomba, mbona unaandika alama za jumlisha na kutoa tupu?" Nikampa kalamu tufanye pamoja.

Ulikuwa msimbo wa Barker wa hatua 13, uliopewa jina la Ronald Barker:

+ + + + + − − + + − + − +

Jumlisha maana yake wimbi linaendelea kama lilivyo. Kutoa maana yake fezi inageuzwa nusu mzunguko. Mwambie mtoto auandike kwenye karatasi mbili, aziweke moja juu ya nyingine. Alama zikilingana andika 1, zikipingana andika −1, kisha jumlisha. Karatasi zikikaa sawasawa, jibu ni 13. Sogeza hatua moja: jozi 12 zimebaki, 6 zinalingana, 6 zinapingana, jibu ni 0. Sogeza mbili: 6 kwa 5, jibu ni 1. Tuliendelea kusogeza hadi mwisho, na jibu halikuzidi 1 popote. Yaani kilele ni 13 na pembeni ni 1 au 0. Kwa desibeli ni 22 chini, na hatukutumia dirisha lolote.

Akaniuliza kwa nini tusiandike mrefu zaidi. Swali zuri mno. Misimbo yenye sifa hii inayojulikana ni ya hatua 2, 3, 4, 5, 7, 11 na 13 tu. Turyn na Storer walithibitisha mwaka 1961 kwamba hakuna wa idadi witiri unaozidi 13, na kwa idadi shufwa haujaonekana unaozidi 4. Ule wa 11 ulitumika hata kwenye Wi-Fi za mwanzo. Anayetaka mrefu zaidi akubali vilele vikubwa kidogo vya pembeni, au afuate njia ya Marcel Golay: misimbo miwili ya jozi, ambayo vilele vyake vya pembeni vinafutana ukijumlisha. Jozi fupi kabisa ni + + na + −. Tukaihesabu: pembeni 1 na −1, jumla sifuri, kilele 2 na 2, jumla 4. Sharti lake ni kwamba kitu kisisogee sana kati ya mpigo wa kwanza na wa pili.

Zoezi hili litafanywa na karatasi, kabla ya kompyuta. Nimeshaamua.

Jumatano, 19 Machi

Mwanafunzi mmoja wa uzamili aliangalia jedwali langu la mawimbi akasema, "Mwalimu, kwa nini tusichague lililo bora tukamaliza?" Nikamwambia, tujaribu kwenye waya.

Tuliweka mipigo miwili ya mikrosekunde 100, yote ya megahezi 1: mmoja wa kupanda, mmoja wa msimbo wa hatua 100. Kitu kikiwa kimesimama, yote miwili inafaa. Kisha tukaongeza kilohezi 9.3 kwenye pokezi, ambazo ni mhamo wa Doppler wa ndege inayokuja kwa mita 250 kwa sekunde mbele ya rada ya gigahezi 5.6. Mpigo wa kupanda uliendelea kutoa kilele kirefu, ila kilihama kama mita 140 kutoka mahali pake. Msimbo ulipoteza karibu kilele chote, kwa sababu ndani ya mikrosekunde 100 fezi ilikuwa imezunguka karibu mzunguko mzima, na sehemu moja ya msimbo ikaifuta nyingine.

Kwa hiyo mpigo wa kupanda unakuonyesha ndege lakini unakudanganya kidogo ilipo. Msimbo hauchanganyi mwendo na umbali, ila unadai ujue mwendo wa ndege kabla, au ulinganishe na nakala nyingi kwa wakati mmoja, kila nakala na mwendo wake.

Ndipo nikamfungulia kitabu cha Philip Woodward cha mwaka 1953. Kila wimbi lina ramani yake ya utata: upande mmoja umbali, upande mwingine mwendo, na kimo chake kinaonyesha wapi rada inaweza kuchanganya kitu kimoja na kingine. Kwa mawimbi yenye nishati sawa, ujazo wa ramani hiyo haubadiliki. Ukiukandamiza utata mahali fulani, unainuka pengine. Hakuna werevu wa kuupunguza. Kuna uamuzi wa kuuweka mahali ambapo hautakuumiza. Kijana alinyamaza kidogo, akasema, "Basi inabidi kwanza nijue natafuta nini." Hilo ndilo jibu la swali lake.

Jumatatu, 24 Machi

Mvua kubwa alfajiri. Masika yameingia, na leo nimefanya sehemu ya rada za hali ya hewa, ambazo Mamlaka ya Hali ya Hewa inazo hapa Dar es Salaam, Mwanza na kwingineko.

Hapa umbo la mpigo si hoja pekee. Hata nafasi kati ya mipigo ni sehemu ya wimbi. Chukua rada ya gigahezi 5.6, urefu wa wimbi sentimita 5.4 hivi, inayopiga mara 1,000 kwa sekunde. Mwangwi una milisekunde 1 ya kurudi kabla ya mpigo unaofuata, hivyo umbali wa juu usio na utata ni kilomita 150. Mwendo wa juu usio na utata ni urefu wa wimbi mara idadi ya mipigo, gawanya kwa 4: mita 13.4 kwa sekunde. Upepo unaotoka kwetu kwa mita 20 kwa sekunde utasomeka kama upepo unaokuja kwetu kwa mita 6.8. Rada nzima, sahihi, iliyohudumiwa vizuri, inakupa mwelekeo uliogeuka. Ukipiga haraka zaidi kurekebisha mwendo, umbali unapungua.

Tiba ni kubadilisha mwendo wa mipigo: kundi moja mara 1,000 kwa sekunde, kundi linalofuata mara 800. Kila kundi linakosea kwa namna yake, na ukilinganisha makosa hayo mawili unapata mwendo wa kweli hadi mita 53 kwa sekunde. Mei 2024 Kimbunga Hidaya kilifika pwani yetu upande wa Mafia. Kwa upepo wa dhoruba kama ile, kuchagua mipigo ni jambo la usalama wa wavuvi na wasafiri wa baharini.

Alhamisi, 27 Machi

Sehemu ya mwisho: rada zisizotumia mirija. Magnetroni ya kilowati 250 ikipiga mikrosekunde 1 inatoa nishati ya juli 0.25. Transista za kilowati 5 zinahitaji mikrosekunde 50 kutoa kiasi kilekile. Unapata chombo kinachodumu na kinachoshika fezi, lakini muda wote kinaporusha hakisikii, na mikrosekunde 50 ni kilomita 7.5 za upofu kukizunguka. Mvua iliyo juu ya paa lake hakiioni.

Kwa hiyo rada ya namna hii hutuma mawimbi mawili mfululizo: mpigo mrefu wa kupanda kwa ajili ya mbali, kisha mpigo mfupi kwa ajili ya karibu, kwenye masafa yaliyotofautiana kidogo ili mwangwi usichanganyike. Picha moja anayoiona mtabiri imeshonwa kutoka mawimbi mawili. Tumeiga jambo hili kwenye waya na limekwenda sawa. Hili litakuwa zoezi la kuhitimisha: kila kundi lipewe kazi tofauti, mvua, ndege au meli, na lilete mawimbi yake pamoja na maelezo ya kilichoachwa.

Jumamosi, 29 Machi

Mwongozo umekamilika. Nimeusoma wote tangu mwanzo, nao unasema neno moja kwa njia nyingi: wimbi linalofaa kila kazi halipo, na rada nzuri ni ile yenye mawimbi ya kutosha na mtu anayejua lini atumie lipi.

Rada tunazinunua kwa fedha nyingi, na zinakuja na mawimbi yaliyochaguliwa na mtu ambaye hajaiona masika yetu wala bahari yetu. Vifaa vya kujifunzia kuyachagua wenyewe ni redio moja ya programu, kompyuta, na waya wa dishi. Walimu wenzangu wa uhandisi, tusimhitimishe tena mwanafunzi wa rada ambaye hajaunda wimbi lake mwenyewe na kueleza kwa kinywa chake haliwezi kuona nini.